Sampuli Ikishatoka Mwilini, Ni Nani Mwenye Haki Juu Yake?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa,

Kila mgonjwa anayetolewa damu, anayekatwa kinyama cha uchunguzi au anayeondolewa uvimbe huacha maabara kitu ambacho kwake hakina kazi tena, lakini ambacho kwa mtafiti kinaweza kuwa na thamani kubwa. Huombwa asaini fomu, naye husaini. Baada ya hapo sampuli hupewa namba, huhifadhiwa kwenye baridi kali, na huweza kudumu kwa miongo kadhaa ikipita mikononi mwa watu ambao mwenyewe hatawajua kamwe. Ninaleta mada hii kwa sababu naamini saini ile imebebeshwa mzigo ambao haiwezi kuubeba. Sheria katika nchi nyingi imeifanya kuwa mwanzo na mwisho wa haki za aliyetoa sampuli, ilhali haki hizo zilipaswa kuendelea kuwepo kwa muda wote ambao sampuli inatumika.

Mjadala huu kwa kawaida huanza na Henrietta Lacks, mama aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi huko Baltimore mwaka 1951 na kufariki mwaka huohuo. Seli zake, zilizochukuliwa bila yeye kujua, zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kuongezeka maabara bila kikomo, na zimetumika katika utafiti wa chanjo ya polio na katika kazi nyingine nyingi mno. Familia yake ilikuja kufahamu habari hizo katika miaka ya 1970, na ilikuwa mwaka 2023 ndipo kampuni ya Thermo Fisher Scientific ilipokubali kumaliza kesi na warithi wake, waliodai kwamba ilinufaika kibiashara na seli hizo. Ni habari inayouma, na sitaki kuipunguzia uzito. Hata hivyo, kama mfano wa kisheria ina upungufu mmoja: mwaka 1951 hakukuwa na utaratibu wa ridhaa kama tunaoujua leo, kwa hiyo msomaji anaweza kujifariji kwamba tatizo lilikwisha pale fomu zilipoanza kutolewa. Halikwisha.

Kesi ninayoiona kuwa na uzito zaidi ni ya John Moore. Mwaka 1976 aligundulika kuwa na aina adimu ya saratani ya damu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wengu wake ukaondolewa. Upasuaji wenyewe ulikuwa na sababu za kitabibu. Alichofichwa, kwa mujibu wa madai yake, ni kwamba daktari wake alikuwa amekwisha kuona thamani ya seli zake kiutafiti na kibiashara. Kwa miaka kadhaa baadaye aliitwa arudi kutoka Seattle ili atoe damu, uboho na vitu vingine vya mwili, akidhani ni sehemu ya kufuatilia afya yake. Mwaka 1984 ilitolewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, juu ya seli zilizooteshwa kutoka kwenye wengu ule, wavumbuzi wakiwa daktari na msaidizi wake, na mwenye hataza akiwa chuo.

Moore alishtaki, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ilitoa hukumu yenye sehemu mbili ambazo zinapaswa kusomwa pamoja. Katika sehemu ya kwanza, ilisema kwamba daktari anao wajibu wa kumweleza mgonjwa maslahi yoyote ya kiutafiti au ya kifedha yanayoweza kuathiri uamuzi wake wa kitabibu, na kwamba kukosa kufanya hivyo kunaweza kuwa msingi wa madai. Katika sehemu ya pili, ilikataa kutambua kwamba Moore alikuwa na umiliki juu ya seli zake baada ya kutolewa mwilini. Sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba watafiti wasio na hatia, wanaopokea seli kutoka kwa wenzao, wangejikuta wakishtakiwa kwa kutumia mali ya mtu wasiyemjua, na utafiti ungedumaa. Jaji Stanley Mosk hakukubaliana na wenzake, na mimi nasimama naye katika jambo moja: ukisema kwamba mwili si mali, basi usiwe mali kwa yeyote. Hukumu ile haikufunga mlango wa biashara. Ilimfungia mtu mmoja tu, yule ambaye seli zilitoka kwake.

Kama kuna anayedhani ninatia chumvi, atazame kesi ya Dkt. William Catalona, bingwa wa saratani ya tezi dume aliyehama Washington University ya St. Louis mwaka 2003 kwenda chuo kingine. Aliwaandikia wagonjwa wake kuwaomba waelekeze sampuli zao zimfuate, na takriban 6,000 kati yao walisaini barua za kukubali. Hawa ni watu waliomjua daktari wao na waliotaka kazi ile iendelee mikononi mwake. Mahakama ya mwaka 2006, na ya rufaa mwaka 2007, ziliamua kwamba sampuli ni za chuo, kwa kuwa wagonjwa walizitoa kama zawadi. Haki ya kujitoa iliyoandikwa kwenye fomu iliwaruhusu waache kushiriki, lakini haikuwapa mamlaka ya kusema sampuli ziende wapi. Kwa hiyo sampuli ambayo haikuweza kuwa mali ya Moore iliweza, bila shida yoyote, kuwa mali ya taasisi.

Nisieleweke kwamba kinachonisumbua ni fedha. Watu wa kabila la Havasupai, wanaoishi ndani ya bonde la Grand Canyon huko Arizona, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 kwa sababu kisukari kilikuwa kinawamaliza na walitaka kujua chanzo chake. Fomu waliyosaini ilikuwa na maneno mapana zaidi ya yale waliyoelezwa kwa mdomo. Damu hiyo ikaja kutumika katika tafiti za ugonjwa wa akili, za watu kuzaana ndani ya ukoo, na za uhamaji wa kale, ambazo zilipingana na imani yao kuhusu asili yao katika bonde lile. Waligundua mwaka 2003 pale mmoja wao alipohudhuria wasilisho la kitaaluma chuoni. Shauri lilimalizwa mwaka 2010 kwa Arizona State University kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Hakuna aliyetajirika kwa damu ile. Madhara yalikuwa ya aina nyingine kabisa: walitumiwa kuthibitisha mambo ambayo wasingekubali kamwe kuyathibitisha, na walifanywa hivyo kwa saini zao wenyewe.

Pendekezo langu ni kwamba sheria iache kuhangaika kati ya umiliki na zawadi, na badala yake iichukulie sampuli kuwa amana. Anayepokea amana ana mamlaka ya kuitunza na kuitumia kwa kusudi alilopewa, lakini hawezi kuibadilishia kusudi apendavyo, hawezi kuiuza kama chake, na hutoa hesabu anapoulizwa. Mambo haya hayahitaji kumlipa mgonjwa hata senti moja. Yanahitaji taasisi ikubali kwamba wajibu wake hauishii siku fomu iliposainiwa.

Karibuni kwa hoja.

Tabibu wa Zamu

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo yako. Naomba niongeze upande ambao wanasheria hawauoni mara nyingi, nao ni wa kitandani kwa mgonjwa.

Fomu ya utafiti humfikia mgonjwa pamoja na fomu ya upasuaji, fomu ya usingizi na fomu ya malipo, mara nyingi asubuhi ya siku ya upasuaji wenyewe, akiwa na njaa na hofu. Hata mtu msomi kabisa, katika hali hiyo, husaini anachopewa kwa sababu anaamini kwamba kukataa kutamuudhi mtu atakayeshika kisu. Wajibu wa kueleza tunautimiza kwa maneno, lakini sidhani kama tunautimiza kwa maana iliyokusudiwa tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964 kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu. Ningependa ombi la utafiti litenganishwe kabisa na ombi la matibabu, liletwe na mtu ambaye si daktari mtibabu, na liletwe siku nyingine.

Pia tusisahau kwamba si kila kilichohifadhiwa kimehifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Vipande vya uvimbe vilivyogandishwa kwenye nta hutunzwa kwa miaka mingi kwa faida ya mgonjwa mwenyewe, ili ugonjwa ukirudi viweze kulinganishwa na vipya au kupimwa kwa kipimo ambacho hakikuwepo zamani. Tatizo huanza pale masalia hayo yanapoingizwa kwenye utafiti bila kuulizwa mtu. Marekani walifikiria mwaka 2015 kuweka sharti la ridhaa kwa masalia yote, hata yaliyoondolewa majina, lakini kanuni za mwisho zilizotolewa Januari 2017 ziliacha sharti hilo. Walichobakiza ni kwamba, pale fomu ya ridhaa inapotumika, mtu aambiwe kama sampuli yake inaweza kuleta faida ya kibiashara na kama yeye atapata sehemu ya faida hiyo. Ni hatua, ingawa sentensi hiyo mara nyingi huandikwa kwa kusema tu kwamba hatapata chochote.

Mtafiti Mstaafu

Ninaheshimu hoja za waliotangulia, lakini ninaona hatari ambayo haijatajwa. Sampuli moja peke yake mara nyingi haina thamani. Thamani hupatikana pale maelfu ya sampuli yanapokusanywa pamoja, yakaunganishwa na historia za ugonjwa, na yakatumika kujibu maswali ambayo hayakuwepo siku zilipochukuliwa. Hifadhi ya Uingereza iitwayo UK Biobank iliandikisha washiriki 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya mwaka 2006 na 2010, na maswali mengi yanayojibiwa humo leo hayangeweza kuandikwa kwenye fomu ya wakati ule. Tukidai kwamba kila kusudi jipya liombewe ridhaa mpya, tutakuwa tumeifunga hifadhi nzima. Watu huhama, hufariki, hubadilisha namba za simu, na wanaojibu barua huwa ni wachache wenye sifa zinazofanana, jambo linalopotosha matokeo yenyewe.

Kwa sababu hiyo miongozo ya mwaka 2016 ya CIOMS, baraza la kimataifa linaloandika miongozo ya maadili ya utafiti wa afya, ilikubali ridhaa pana, yaani mtu kuridhia aina ya tafiti zijazo badala ya utafiti mmoja uliotajwa, mradi kuwe na usimamizi unaofaa. Tena, jina likishaondolewa kwenye sampuli, ni madhara gani hasa yanayomfika mwenyewe? Ningependa mleta mada atueleze amana yake inatofautianaje na ridhaa pana, zaidi ya kutumia lugha nzuri.

Mleta mada

Mtafiti Mstaafu, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa sehemu, nikianza na la mwisho.

Kuondoa jina hakuondoi utambulisho kama ilivyodhaniwa zamani, kwa sababu vinasaba vyenyewe ndivyo utambulisho. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba wangeweza kupata majina ya baadhi ya watu waliotoa vinasaba vyao bila majina, kwa kulinganisha alama za kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume, na kumbukumbu za nasaba zilizo wazi kwenye intaneti, wakiongeza umri na mahali pa kuishi. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata mtuhumiwa wa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980 kwa kupitia vinasaba ambavyo ndugu zake wa mbali walikuwa wameviweka wenyewe kwenye tovuti ya nasaba. Ninafurahi kwamba mhalifu yule alipatikana na akahukumiwa. Hata hivyo, watu wale waliridhia kutafuta ndugu zao, na ridhaa hiyo ikatosha kumfikia mtu ambaye hakuwahi kuridhia lolote.

Kuhusu ridhaa pana, siipingi. Ninachopinga ni ridhaa pana isiyo na msimamizi. Umetaja UK Biobank, nami naitumia hiyohiyo: mshiriki anayejitoa huchagua kama hataki tu kuwasiliana nao tena, au hataki pia taarifa mpya zake zichukuliwe, au hataki chochote chake kitumike tena. Huo ni wajibu unaoendelea, na haukuifunga hifadhi. Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lililorekebishwa mwaka 2016, nalo linataka mtu aelezwe mapema nani ataweza kutumia sampuli zake, zitasimamiwaje, kama zitatumika kibiashara, na kama zinaweza kupelekwa taasisi au nchi nyingine. Tofauti kati ya pendekezo langu na ridhaa pana inaonekana pale mambo yanapobadilika. Ridhaa pana inauliza kama mtu alikubali siku ile. Amana inauliza kama aliyepokea bado ana haki ya kuishika.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kampuni ya 23andMe, iliyoomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Machi 2025 ikiwa na taarifa za vinasaba za wateja zaidi ya milioni 15. Wateja wale walitema mate kwenye kichupa wakitaka kujua asili yao. Ghafla vinasaba vyao vikawa miongoni mwa rasilimali za kuuzwa ili wadai walipwe, na wanasheria wakuu wa majimbo wakaenda mahakamani kuhoji kama vinaweza kuuzwa bila ridhaa mpya. Hatimaye taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa na mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo ilinunua kwa dola milioni 305. Pengine imeishia pazuri. Lakini mteja hakuwa na kinga yoyote ya kisheria iliyohakikisha hivyo, kwa kuwa masharti aliyoyakubali yalitaja uwezekano wa taarifa zake kuhamishwa endapo kampuni ingeuzwa. Kitu kilicho amana hakiingizwi kwenye hesabu ya mali za mfilisika, na hiyo ndiyo tofauti uliyotaka nikuonyeshe.

Wakili wa Kijani

Naomba nimsahihishe kidogo mleta mada kabla sijamuunga mkono. Si kweli kwamba mahakama zote zimekataa umiliki. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri la wanaume sita waliohifadhi manii kabla ya tiba ya saratani, kisha jokofu la hospitali likashindwa kufanya kazi na manii yakaharibika. Mahakama ilikubali kwamba, kwa ajili ya madai ya uzembe, manii yalikuwa mali yao. Jambo linalovutia ni kwamba majaji walimtambua pia aliyehifadhi kama mpokeaji wa amana, na wakasema madai yangeweza kusimama kwenye msingi huo. Kwa hiyo pendekezo la mleta mada si geni katika sheria kama anavyoweza kudhani mtu.

Ugumu ninaouona ni mwingine. Amana huwa na mtu aliyeiweka, lakini vinasaba si vya mtu mmoja. Iceland ilipitisha mwaka 1998 sheria ya kukusanya kumbukumbu za afya za taifa zima kwenye hifadhi moja, ikidhani kila raia ameridhia isipokuwa aliyekataa, na leseni ikatolewa kwa kampuni ya deCODE. Binti mmoja aliomba kumbukumbu za marehemu baba yake zisiingizwe. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubaliana naye, kwa hoja kwamba habari za urithi za baba zinaweza kufichua mambo ya binti. Hukumu ile ni ya busara, lakini inafungua swali zito: kama binti anaweza kuzuia, je, mpwa anaweza? Na ikiwa ndugu mmoja anataka sampuli zibaki na mwingine anataka ziharibiwe, msimamizi amsikilize nani? Mkataba wa Oviedo wa mwaka 1997, ambao ni mkataba wa Baraza la Ulaya kuhusu haki za binadamu katika tiba, unatuambia kwamba mwili wa binadamu na viungo vyake, kama vilivyo, visiwe chanzo cha faida ya kifedha. Hautuambii lolote kuhusu ndugu wanaotofautiana.

Mleta mada

Wakili, nimekubali masahihisho yako kwa moyo mmoja, na kesi ile ya mwaka 2009 inaisaidia hoja yangu kuliko nilivyoisaidia mwenyewe.

Kuhusu ndugu, siamini kwamba kura ya kila mwanaukoo inawezekana au inafaa. Nadhani mfano wa kufuata ni ule uliotokana na familia ya Lacks. Machi 2013 watafiti wa Ujerumani walichapisha ramani nzima ya vinasaba vya seli zile bila kuiuliza familia, kisha wakaiondoa baada ya malalamiko. Agosti mwaka huohuo taasisi za kitaifa za afya za Marekani zilikubaliana na familia kwamba anayetaka kutumia ramani hiyo aombe ruhusa, na kwamba wanafamilia wawili wakae kwenye kamati inayopitia maombi. Familia haikupewa turufu ya kufuta utafiti, wala haikuachwa nje ya mlango. Pale ambapo wahusika ni jamii nzima, kama Havasupai, wawakilishi wa jamii wanaweza kukaa kwenye nafasi hiyohiyo. Atakayetaka kujitoa kwa sampuli yake mwenyewe abaki na haki hiyo kamili. Madai ya ndugu yahusu uwazi na faragha, na yapimwe na kamati hiyo.

Mama Pacha

Nimewasoma wote kwa makini. Naomba kuuliza: hao walioridhia ni watu wazima. Vipi damu inayotolewa kisiginoni kwa mtoto mchanga? Nani anaitunza amana hiyo, na kwa niaba ya nani?

Mleta mada

Dada, umegusa mahali ambapo sheria ni dhaifu kuliko pengine popote. Kipimo chenyewe kina faida isiyo na ubishi, kwa sababu magonjwa kadhaa ya kurithi yanatibika yakigunduliwa siku za mwanzo na yanaharibu ubongo yakichelewa. Ugomvi ni juu ya kadi zenye matone ya damu yanayobaki. Katika jimbo la Texas kadi hizo zilitunzwa tangu mwaka 2002 na nyingine zikatumika kwenye utafiti bila wazazi kuulizwa. Wazazi wakashtaki mwaka 2009, na shauri likamalizwa kwa kuharibu kadi zaidi ya milioni 5. Ninaona matokeo hayo kuwa hasara kwa kila upande, kwa kuwa wazazi wengi wangekubali kama wangeulizwa, na hazina iliyopotea haiwezi kukusanywa upya.

Kwa maoni yangu, mzazi aombwe ridhaa ya matumizi ya baadaye katika siku tofauti na ile ya kujifungua, kama Tabibu wa Zamu alivyoshauri kuhusu upasuaji. Ridhaa hiyo iwe ya muda, ikome mtoto anapofikia utu uzima, na wakati huo aulizwe mwenyewe. Asipopatikana, sampuli yake ibaki kwenye tafiti zilizokwisha kupitishwa lakini isiingizwe kwenye mpya, wala isihamishiwe kwa mtu mwingine, hadi atakapopatikana na kusema analotaka.